Navaratri si dandia tu: siku tisa zilezile, kila jimbo la India na mambo yake

#1 Mkaazi wa Chamundi (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila mwaka ikifika Septemba au Oktoba hapakosi mtu humu wa kuuliza zile ngoma za usiku kule Upanga na Kisutu ni za nini, na kila mwaka anajibiwa kwa mkato: "Wahindi wanacheza dandia." Si uongo. Ila ni sawa na mgeni aliyekuta mdundiko Mbagala akarudi kwao kuandika kwamba hiyo ndiyo ngoma ya Tanzania. Nimesoma Mysuru, kusini mwa India, na likizo nilikuwa mtu wa kudandia treni kwenda kuona kwa wenzetu kunaendaje. Nitaanza na niliyoyaona, waliokaa kwingine watie yao.

Msingi wenyewe ni mfupi. Navaratri ni siku tisa za kumwadhimisha mungu wa kike, zinaanza mwezi unapoandama kwenye mwezi wa Ashvin wa kalenda ya Kihindu. Siku ya kumi ndiyo kilele: kaskazini wanaiita Dussehra, kusini Dasara, vitabuni Vijayadashami. Mpaka hapo wote wako pamoja. Wauliza tu "mnasherehekea nini hasa?" ndipo wanapoachana njia. Mmoja atakwambia ni siku mungu huyo wa kike, Durga, alipomuua Mahishasura, jitu la umbo la nyati lililowashinda miungu wanaume wote. Mwingine atakwambia ni siku Rama alipomuua Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi aliyemteka Sita, mke wa Rama. Wote wawili wana maandiko yao, na hakuna anayemwona mwenzake amepotea. Kuna na wa tatu, hao nitawafikia baadaye.

Mysuru wao ni watu wa Mahishasura. Mji umechukua hata jina kwake, na ukipanda kilima cha Chamundi unamkuta yuko wima njiani, sanamu kubwa ya rangi kali, upanga mkono mmoja, nyoka mkono wa pili, masharubu kama ya askari wa mkoloni. Hekalu la aliyemuua, Chamundeshwari, liko hatua chache tu kutoka hapo.

Sherehe yao ni ya kifalme. Ukoo wa Wadiyar uliianzisha Srirangapatna mwaka 1610, wakiiga ufalme wa Vijayanagara ulioanguka kabla yao. (Ukienda magofu ya Hampi utaona lile jukwaa la mawe ambalo mfalme alikuwa anakaa kutazama gwaride la siku hizi tisa.) Jioni zote kasri la Mysuru linawashwa taa zinazokaribia 100,000, na siku ya kumi yanatoka maandamano ya tembo. Tembo mkuu anabeba kiti cha dhahabu cha kilo 750. Zamani juu yake alikaa mfalme, siku hizi anakaa mungu mwenyewe, sanamu ya Chamundeshwari.

Watalii wanaona siku hiyo moja. Sisi tuliokaa pale tulikuwa tunaona na maandalizi, na mimi nayapenda kuliko sherehe. Tembo wanaletwa kutoka kambi za misituni wiki kadhaa kabla. Kila siku wanatembezwa njia ileile ya mjini, mifuko ya mchanga mgongoni ikiongezwa uzito kidogo kidogo, mpaka wazoee. Kuna siku wanasimamishwa karibu na mizinga inapigwa, wasije wakatimua mbio siku yenyewe. Watu wana tembo wao wanayemshangilia kama mshambuliaji wa Simba au Yanga. Arjuna alibeba kiti kuanzia 2012 hadi 2019, akapokewa na Abhimanyu 2020. Arjuna alipouawa na tembo mwitu Desemba 2023, mji mzima uliomboleza.

Siku moja kabla ya maandamano ya tembo, siku ya tisa, ni Ayudha Puja. Hii ndiyo nawaombea madereva wetu waione. Kila chombo cha kazi kinapumzishwa na kuheshimiwa: cherehani, randa, mashine ya kusaga, kompyuta ya ofisini, bunduki za polisi, basi la serikali. Mwenye nyumba wangu alikuwa na skuta kuukuu. Aliiosha mpaka ndani ya rimu, akaipaka manjano na unga mwekundu kwenye taa, akaivika shada la maua ya njano, akaiwekea limau chini ya kila tairi. Kisha akaiwasha na kusogea mbele kidogo, malimau yakapasuka, husuda imekwisha. Bajaji zote za mtaa zilikuwa hivyo. Mwishoni wanavunja maboga meupe barabarani yaliyojazwa unga mwekundu, na kila mwaka wenye pikipiki wanateleza. Mamlaka wanasihi watu wasivunje njiani, watu wanavunja.

Karibuni.

#2 Fundi Bomba

Mkuu uzi umeanza vizuri. Kwa hiyo zile fimbo wanazogonganisha ni vita vya Durga na huyo nyati? Na kwa nini sisi tunaona fimbo tu, tembo hatujawahi kuletewa?

#3 Alkapuri

Nilikaa Vadodara, Gujarat, ngoja nimjibu Fundi.

Kwanza tutenganishe. Garba ni ule mduara wa kupiga makofi. Dandia ni ya fimbo. Katikati ya mduara kuna picha ya mungu wa kike, au chungu cha udongo chenye matundu na taa inayowaka ndani, mwanga unatoka kwenye matundu kama nyota. Watu wanazunguka hapo. Kwa desturi garba ndiyo ibada yenyewe, fimbo zinakuja usiku umeshakolea na vijana wamechangamka. Kuhusu maana ya fimbo, wapo wanaosema ni panga za Durga, wapo wanaosema ni mchezo wa Krishna na wachunga ng'ombe. Waliotuuzia hawakujali, walitaka hela yao.

Vadodara wanajiona ndio wenye garba, na nadhani wana haki. Viwanja vyao vinaingiza makumi ya maelfu kwa usiku mmoja, wengi peku, mwimbaji na bendi wako katikati wanapiga moja kwa moja, hakuna kanda. Hatua ni chache: mbele, nyuma, geuka, piga kofi. Mwendo unaanza pole, baada ya nusu saa unashindwa hata kuhema. Wanawake na sketi zao pana zilizoshonewa vioo, wanaume na vile vikoti vifupi vya marinda. Ukiangalia kutoka juu jukwaani unaona duara ndani ya duara ndani ya duara, na bibi wa miaka sabini hakosi hatua hata moja. Mimi nilikuwa nazikosa, nikasukumwa pembeni na watoto.

Ila mchana ni njaa. Wengi wanafunga siku zote tisa: hakuna nafaka, hakuna kitunguu wala kitunguu saumu. Wanakula sabudana, zile chembe nyeupe za wanga wa muhogo, viazi, maziwa, matunda, na chumvi ya mawe badala ya ya kawaida. Halafu asubuhi ya siku ya kumi foleni zinajipanga mitaani kwa ajili ya fafda na jalebi. Fafda ni vipande virefu vya unga wa dengu vya kukaanga, jalebi sisi watu wa pwani tunaijua, ni zelabia. Kitamu na cha chumvi mdomo mmoja, saa moja asubuhi.

Na taarifa kwa wapenda rekodi: garba ya Gujarat iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika Desemba 2023, na kikao chenyewe kilikaa Kasane, Botswana. Afrika hiyo.

#4 Mtoto wa Ngara

Swali la tembo na fimbo lina jibu la kihistoria, wacha niseme venye tunajua huku Nairobi. Waliojenga reli kati ya 1896 na 1901 wengi walitoka Punjab, na wengi walirudi kwao kazi ilipoisha. Waliokuja kufungua maduka na kubaki, kuanzia Unguja na Mombasa hadi Kisumu na Kampala, wengi sana walitoka Gujarat na Kutch. Kwa hivyo Afrika Mashariki ililetewa Navaratri ya Gujarat. Kama wenye maduka wangetoka Bengal, leo pale Parklands tungekuwa tunaona sanamu zikipelekwa mtoni.

Mimi nimekua na majirani hao. Kila jumuiya na ukumbi wake na usiku wake: Wapatel, Walohana, Waoshwal. Waoshwal ni Wajaini, dini nyingine kabisa, lakini garba wanacheza na hakuna wa kuwashinda. Ukumbini mbele wako akina mama wakubwa na mduara wa heshima, nyuma wako vijana na fimbo, na huko nyuma kabisa ndipo ndoa nyingi huanzia. Mama mmoja jirani yetu alikuwa anasema hivyo waziwazi akicheka: hajampeleka binti kucheza, amempeleka kuonekana.

Na waliofukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972 walibeba garba hiyo hiyo mpaka Leicester, Uingereza. Ukipita Belgrave Road msimu huu utasikia wazee wakisalimiana kwa Kigujarati na kutaniana kwa Kiswahili cha Kampala na Jinja.

#5 Ukweli Mchungu

Mnapamba tu. Wahindi wote wanakula majani, wanafunga, wanaabudu masanamu, wanaruka ruka. Nini cha ajabu hapo mpaka uzi mrefu hivi?

#6 Baharia wa Malindi

Sheikh, wanakula majani? Hebu teremka Kolkata siku hizo hizo tisa.

Meli yetu ilikaa bandarini pale kusubiri mzigo, ikakutana na Durga Puja. Wenzao wa Gujarat wamefunga, Wabengali wanakula mbuzi! Siku ya tisa foleni kwa mchinjaji inakata kona. Usiku mzima mitaa iko wazi, watu wanakula samaki, chapati za mayai zilizoviringishwa, na biriani yao yenye kiazi kizima ndani. Mimi mtu wa Unguja, biriani naijua, ile ya kiazi niliidharau mpaka nilipoionja. Na hao wote ni Wahindu wacha Mungu kwa mujibu wao. Nilimuuliza mzee mmoja wa bandarini mbona hamfungi, akanijibu: binti amekuja nyumbani, utamnyima mchuzi?

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwao Durga hashuki kwa ajili ya vita tu. Ni binti aliyeolewa mbali, kwa mumewe Shiva huko milimani, na mara moja kwa mwaka anarudi kwa wazazi wake na watoto wanne: Lakshmi, Saraswati, Ganesh na Kartik. Ukitazama sanamu utaona anamchoma nyati mkuki, lakini watoto wamesimama pembeni wametulia kama kwenye picha ya studio. Siku ya mwisho anarudi kwa mumewe, wanawake walioolewa wanamlisha halua mdomoni, wanampaka unga mwekundu, kisha wanapakana wao kwa wao mpaka nyuso zote nyekundu. Anapandishwa lori, anapelekwa mto Hooghly, anatoswa. Mafundi wanaanza kuhesabu mwaka mwingine.

Kuna mtaa unaitwa Kumartuli, kaskazini mwa mji, kazi yao ni hiyo tu. Nilipita nikachelewa kurudi melini. Wanaanza na mianzi, wanafunga majani makavu kwa kamba mpaka yawe na kiuno na mabega, wanapaka udongo wa mtoni tabaka kwa tabaka, vidole wanaviunda mbali na kuvibandika. Uchochoro ni mwembamba, huku miungu isiyo na vichwa imeegemea ukuta, huku vichwa vimepangwa kwenye rafu. Macho huchorwa mwisho, kwa desturi siku ya Mahalaya, wiki moja kabla ya sherehe kuchanganya. Na desturi ya zamani inataka kwenye udongo huo uchanganywe udongo kidogo kutoka mlangoni kwa wanawake wanaouza miili, na fundi auombe, asiuchote kwa nguvu. Nilipoambiwa nilinyamaza. Wanaotengwa mwaka mzima, bila udongo wa mlango wao mungu hakamiliki.

Mahalaya yenyewe ina kisa. Tangu miaka ya 1930 Wabengali wanaamka saa kumi alfajiri siku hiyo kusikiliza redio, sauti ya Birendra Krishna Bhadra ikisoma habari za Durga. Mwaka 1976 redio ya taifa ikaona amezeeka, ikamweka nyota wa sinema, Uttam Kumar. Watu waliwaka. Ikabidi sauti ya mzee irudishwe, na mpaka leo, keshakufa zamani, ndiye anayewaamsha.

Mabanda ndiyo usiseme. Kila mtaa unachanga pesa na kujenga banda la mianzi na nguo kubwa kama jumba, mmoja umeiga hekalu, mwingine treni, mwingine umejenga kwa vijiko vitupu. Unapanga foleni masaa kuona vijiko. Nao hao waliingia UNESCO Desemba 2021, kikao kilekile kilichoipitisha rumba ya Kongo.

#7 Fundi Bomba

Baharia umemaliza. Ukweli Mchungu arudi atuambie kuhusu majani.

#8 Bi Chura

Mimi nilikuwa Chennai namuuguza mama. Wengi wetu tunaijua India kwa njia hiyo, hospitali, vyumba vya kupanga na supu za kujipikia. Sikwenda kutalii. Lakini mwenye nyumba tuliyopanga alinigongea jioni moja akaniambia njoo uone golu.

Nikaingia sebuleni, nikakuta ngazi zimejengwa ukutani, zimefunikwa kitambaa cheupe, na juu yake vidoli mamia. Idadi ya ngazi huwa witiri, tatu, tano, saba au tisa. Juu miungu, katikati watakatifu na wafalme, chini maisha ya kawaida: harusi na wapiga zumari, mpira wa kriketi, polisi wa trafiki, na hawakosi mzee mnene muuza duka na mkewe, mbele yao vibakuli vidogo vya mchele na dengu halisi. Vingine ni vya udongo, vimerithiwa kwa bibi yake, rangi imebanduka puani. Pembeni mume na mke wa mti mwekundu, hao hupewa binti anapoolewa, kila kizazi kinawavika nguo mpya.

Hakuna ngoma hapo, hakuna mzinga wala kelele. Ni mambo ya wanawake na watoto. Jirani anakuja, anaimba wimbo mmoja, anakula mbaazi au dengu za kuchemsha zilizotiwa nazi na majani ya mchuzi, kisha anapewa zawadi ya kuondoka nayo: tambuu, popoo, manjano, nazi, kioo kidogo. Mimi mtu wa pwani kupewa tambuu na nazi mbali na kwetu, nusura machozi yanitoke. Mama hakuweza kushuka, wakampelekea sahani yake chumbani. Kesho yake wakaja watoto wawili kumuimbia mlangoni.

Siku ya tisa watoto wa nyumba walikuwa na furaha ya kupindukia. Nikauliza kulikoni. Vitabu vyote vimewekwa mbele ya Saraswati, mungu wa elimu, na siku hiyo ni mwiko kusoma! Kesho yake vinatolewa na lazima usome hata mistari michache.

Muuguzi aliyekuwa anamhudumia mama alitoka Kerala, kama wauguzi wengi wa kule. Akanieleza kwao siku ya kumi ndiyo siku ya kumwanzisha mtoto kuandika. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anapakatwa na mzee au mwalimu, anashikwa kidole, anaandikishwa herufi za kwanza kwenye sinia la mchele, na ulimini anaandikiwa kwa pete ya dhahabu. Mtoto mwenyewe mara nyingi analia. Muuguzi ni Mkristo na yeye alianzishwa hivyo hivyo. Ikanikumbusha chuoni kwetu mtoto anavyoanzishwa alifu kwa ubao na dua.

#9 Knowledge Park

Mmesahau kaskazini. Mimi nilisoma Greater Noida, jirani na Delhi, waafrika tulikuwa wengi tu. Huko Durga yupo, watu wanafunga, na siku ya nane au ya tisa wanawaita wasichana wadogo wa mtaa, wanawaosha miguu, wanawalisha puri, dengu nyeusi na halua ya semolina, wanawapa hela. Vibinti vya jirani vilikuwa vinapanga ratiba ya nyumba za kupitia tangu alfajiri.

Lakini mwenye siku ya kumi kule ni Rama. Siku zote tisa jioni kuna Ramlila, mchezo wa kuigiza maisha yake, viwanja vyote. Siku ya mwisho wanasimamisha Ravana wa mianzi na karatasi, mrefu kupita ghorofa kadhaa, tumbo limejaa fataki, pembeni nduguye Kumbhakarna na mwanawe Meghnad. Jua linapozama Rama anarusha mshale wa moto. Kwanza kimya, halafu masikio yanaziba. Na jambo la kujua: katika miji kadhaa ya kaskazini mafundi wanaotengeneza Ravana ni Waislamu, kazi ya kurithi baba kwa mwana.

Ramlila ya Ramnagar, ng'ambo ya mto kutoka Varanasi, ndiyo wazee wanaipa heshima. Inachukua takriban mwezi mzima, haina kipaza sauti wala taa za umeme, na jukwaa ni mji wenyewe: mahali hapa ni Lanka, kule ni Ayodhya, watazamaji wanahama na hadithi kwa miguu.

Sherehe hizo zina na majonzi. Amritsar, Oktoba 2018, watu walisimama kwenye reli kutazama Ravana akiungua, fataki zikameza mlio, treni ikawapitia. Walikufa karibu 60.

Sasa kituko. Hapo hapo Greater Noida kuna kijiji cha Bisrakh. Wao wanasema Ravana alizaliwa kwao, kwa hiyo kwa desturi hawamchomi. Wenzao kilomita chache wanapiga fataki, wao wanamwombea kama marehemu wa ukoo. Na Mandore, karibu na Jodhpur, wako wanaosema mke wa Ravana alikuwa binti wa kwao. Mkwe hachomwi.

#10 Mkaazi wa Chamundi (mleta uzi)

Nyuzi kama hizi ndizo zinazofanya nisiondoke humu. Bi Chura, mama alipona? Natumaini.

Nilisema kuna wa tatu, wasiomjali sana Ravana. Bastar, katika jimbo la Chhattisgarh, Dasara yao inachukua siku 75, na huyo Ravana hatajwi. Ni ya mungu wao Danteshwari na makabila ya misituni. Gari kubwa la mbao linachongwa upya, na kila kijiji kina kazi yake: hawa wanakata miti, hawa wanasokota kamba, hawa wanavuta. Kabla ya yote msichana mdogo analazwa kwenye bembea ya miiba, mungu anampanda, na kupitia yeye anatoa ruhusa. Asipotoa, hata mfalme hana sherehe. Kijana mmoja anakaa kwenye shimo siku tisa bila kutoka ili mambo yaende salama. Mtu akiniambia hizi ni sherehe za Wabrahmini, tabaka la makuhani, namtumia habari za Bastar.

Kullu, milimani Himachal, wanaanza siku ambayo wengine wanamaliza. Miungu ya vijiji zaidi ya 200 inabebwa kwenye machela kuteremka bondeni kumsalimia Raghunath, ambaye ndiye Rama, na wanakaa kambini wiki nzima. Kila mungu na hema lake, wapiga baragumu wake na ugomvi wake wa nani atangulie nani. Hawachomi sanamu za Ravana.

Telangana ni maua. Bathukamma ya kina mama, wanapanga maua ya porini kwenye sinia duara juu ya duara mpaka yawe kama mnara, wanayazunguka wakiimba, jioni wanayaelea bwawani. Jimbo lilipozaliwa 2014 liliifanya kuwa sikukuu yake rasmi. Maharashtra nilipita tu, ila nilipenda wanavyopeana majani ya mti wa apta siku ya kumi na kuambiana "chukua dhahabu".

Nepal wao wanaiita Dashain, na mliokaa Doha au Dubai mnawajua Wanepali walivyo wanyonge wakikosa tiketi msimu huo. Mkubwa wa ukoo anakubandika paji la uso mchele uliochanganywa na maziwa mgando na rangi nyekundu, anakuwekea majani machanga ya shayiri sikioni, anakubariki. Bembea za mianzi, tiara angani, mbuzi wanachinjwa kwa wingi. Kwa nyama, Kathmandu na Kolkata wako kundi moja.

#11 Ukweli Mchungu

Sawa, la majani nimelielewa. Sasa swali la kweli: sisi wa dini nyingine tunaruhusiwa kuingia, au tutafukuzwa?

#12 Alkapuri

Inategemea uko wapi, na nisikufiche. Gujarat na Madhya Pradesh miaka ya karibuni kuna vikundi vinataka vitambulisho vikaguliwe getini ili Waislamu wasiingie garba. Sehemu nyingine wanafuata, sehemu wanapuuza. Nilipokuwa Vadodara, rafiki yangu wa Kihindu wa darasani aliona aibu kunieleza. Kolkata ni tofauti kabisa, banda ni la mtaa, unaingia kama unavyoingia sokoni.

#13 Mtoto wa Ngara

Nairobi kumbi nyingi zinauza tiketi au zinataka ualikwe na mwanachama. Mwambie jirani au mfanyakazi mwenzako, atafurahi. Vaa kitu cha heshima, viatu utaviacha mlangoni, na usilete soseji.

#14 Fundi Bomba

La mwisho kwangu. Kama wanafuata mwezi kama sisi, mbona haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani? Na ya 2026 ni lini?

#15 Mkaazi wa Chamundi (mleta uzi)

Fundi, swali la maana. Kalenda yetu ya Hijria ni ya mwezi mtupu, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11. Wao wanafuata mwezi lakini wanaurekebisha kwa jua: takriban kila mwaka wa tatu wanaongeza mwezi mzima wa ziada. Ndiyo maana Navaratri haitoki kwenye Septemba na Oktoba. Mwaka 2025 ilianza tarehe 22 Septemba. Mwaka 2026 una mwezi wa ziada, uliowekwa katikati ya Mei na Juni, kwa hiyo inasogea mbele: inaanza tarehe 11 Oktoba, na siku ya kumi inaangukia karibu kabisa na Siku ya Mashujaa ya Kenya. Anayetaka Mysuru akate tiketi ya treni mapema, na chumba atafute kabla ya Agosti, baada ya hapo utalala stesheni.